Daktari wa Migomba na Jarida la Robo ya Kwanza

Daktari alikuwa akinunua ndizi za Mungu, na alizinunua kwa bei ya kijinga.

Huku kwetu mlimani ibada ikiisha watu hawaendi nyumbani. Wanasimama uwanjani nje ya kanisa, na mzee wa kanisa ananyanyua juu kila kilicholetwa sadaka: kuku aliyefungwa miguu, mayai kwenye sahani, chupa ya maziwa, mikungu ya ndizi. Kinanadiwa, kinanunuliwa, fedha inaingia kanisani. Ni mnada wa furaha, mtu anaweza kununua mayai manne kwa bei ya kuku mzima kwa sababu tu shemeji yake amemchokoza. Lakini Daktari hakuchokozwa na mtu. Alisimama pembeni na sweta lake la kijani lililotoboka viwiko, na mkungu ukinyanyuliwa tu, anataja bei ya kumaliza mchezo. Akishaupata anauliza, "Huu umeletwa na nani? Umetoka upande gani wa mfereji?" Halafu anaandika kwenye daftari.

Watu walimcheka mpaka wakachoka. Siku moja mzee wa kanisa alimwambia mbele ya usharika mzima, "Daktari, safari ijayo tukuletee na mgomba wenyewe na mizizi?" Akajibu bila hata kutabasamu, "Na udongo wake, mzee, ukiweza."

Aliyekuwa anambebea mikungu hiyo ni mimi. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika idara yake, chuoni Moshi mjini, kwa miaka kumi na saba. Ndugu zangu wa Marangu walidhani nina kazi nzito ya kisayansi, kumbe Jumapili nabeba ndizi begani kama mtu anayehama nyumba. Akili ya jambo lile niliielewa baadaye. Ukimtembelea mkulima shambani, anakuonyesha anachotaka ukione. Sadaka ni habari nyingine. Kwa Mungu mtu anapeleka mkungu wake bora kuliko yote, kwa hiyo aliyenunua sadaka za watu kwa miaka mingi anajua ubora wa kila shamba, na siku ubora ukianza kushuka, yeye ndiye wa kwanza kushtuka. Alianza na sisi Walutheri, kisha akaenda na kwa Wakatoliki, maana alisema ugonjwa hauna dhehebu.

Mikungu ya mama yangu aliipenda kupita yote. Mama ni mjane, ana kihamba chake Marangu, yaani lile shamba linalozunguka nyumba, migomba juu, kahawa chini yake, na kaburi la baba humo humo. Alikuwa anatoa mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika, unaohitaji wanaume wawili kuunyanyua. Akiulizwa siri anasema ni mavi ya ng'ombe na maombi, na siku nyingine anabadilisha mpangilio, anaanza na maombi. Kanisani alikaa benchi la pili kutoka mbele, na sidhani kama lilikuwa benchi la bahati tu.

Kijijini walimwita Daktari, na wengi waliamini ni daktari wa watu. Kina mama walimfuata na magoti yao, na migongo yao, na watoto wenye kukohoa. "Mama, mimi ni daktari wa migomba," anawaambia. "Aah, na mimi ni mgomba mkuukuu," bibi mmoja akamjibu, "tazama shina hili linavyouma." Alicheka siku hiyo. Halafu akatoa karatasi, akamwandikia bibi yule jina la rafiki yake hospitalini, akampa na nauli. Alikuwa na moyo huo, lazima niseme, kwa sababu yanayokuja yatamfanya aonekane mtu mwingine kabisa. Alikuwa mtu yule yule.

Chuoni alikuwa mhadhiri mwandamizi. Amekuwa mhadhiri mwandamizi tangu naingia kazini, na wale aliowafundisha walimpita mmoja mmoja wakawa maprofesa, wakaanza kumwita "kaka". Alitaka kitu kimoja: awe profesa kabla ya kustaafu. Msije mkadhani ni kwa ajili ya sifa peke yake. Chuoni kwetu, mhadhiri mwandamizi akistaafu, anarudisha funguo siku hiyo hiyo. Profesa anaongezewa mkataba na anabaki na maabara yake. Nyuma ya maabara Daktari alikuwa amepanda aina za migomba alizokusanya vijijini kwa maisha yake yote, nyingine hazipo tena hata kwa wenyewe waliompa. Alijua akiondoka yeye, watapafyeka wajenge maegesho. Mkuu wa idara alishapima kwa hatua.

Ukutani ofisini kwake, pembeni ya kioo cha kuchania nywele, aliweka orodha. Ilikuwa orodha ya majarida ya kitaaluma ya dunia, yamepangwa kwa cheo kama timu za mpira, yakagawanywa mafungu manne. Yaliyo juu ni robo ya kwanza, akayapaka kijani. Ya mwisho ni robo ya nne, nyekundu. Ukichapisha kwenye kijani unapata alama za kukupandisha daraja. Ukichapisha kwenye nyekundu unapata pole. Na ukiandika kipeperushi cha Kiswahili, chenye michoro, ambacho mkulima wa Kahe amekibandika jikoni na anakisoma kila akichukua panga, unapata sifuri. Daktari alikuwa ameandika vipeperushi vingi sana, michoro anachora mwenyewe. Kwenye fomu ya kupandishwa daraja vilikuwa na mstari mmoja: machapisho mengine. Sifuri.

Orodha ile haikuandikwa Moshi, wala Dodoma, wala popote ambapo mgomba unaota. Kila mwaka ilitoka mpya, na Daktari aliisubiri kama mzazi anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Jarida likishuka anaugua siku nzima. Aliichukia kwa moyo wote na aliijua kwa kichwa. "Eli," ananiambia, "hawa watu wanapima uzito wa ng'ombe kwa kuangalia kengele yake." Dakika kumi baadaye yuko na rula, anapiga mistari ya kijani.

Wahakiki, wale wasiojulikana majina ambao jarida huwatumia kazi yako waikosoe, aliwaita wakwe. Mhakiki wa kwanza ni baba mkwe, anakubali haraka, anataka mambo yaishe. Mhakiki wa pili ni mama mkwe. "Huyo hata ukimpelekea mbuzi wawili, atauliza kwa nini hawafanani."

Aliwahi kuumizwa. Miaka ya nyuma aliletewa barua pepe ya kumsifu mno, jarida la nje limesikia habari zake, linaomba kazi yake. Alipeleka kazi ya miaka mitatu. Ikachapishwa ndani ya wiki moja. Tulikunywa soda. Baada ya muda tovuti ya jarida ikapotea yenyewe kama moshi, na kamati ya kupandisha madaraja ikamrudishia fomu na neno moja pembeni: bandia. Kazi ilikuwa ya kweli, kila namba mle niliipima kwa mikono yangu, lakini ikawa bandia. Wenzake walimtania vibaya kwenye kantini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Daktari tangu siku hiyo akawa anashtuka kwa kila kitu: barua ya mhariri, ukimya wa mhariri, mwenzake akiulizia utafiti umefikia wapi. Akaanza kufunga droo kwa ufunguo.

Ukali nao ukamwingia. Kulikuwa na binti mmoja wa mwaka wa tatu, aliandika kuhusu aina za ndizi za bibi yake, kila moja na jina lake la Kichagga na kazi yake, hii ya supu ya mtori, hii ya pombe, hii ya mama aliyejifungua. Kazi nzuri sana. Daktari alimpa alama ya juu, kisha akamwambia, "Umeandika vizuri mno kitu ambacho hakitakusaidia." Yule binti alikuja kulilia maabarani, karibu na jokofu la sampuli. Nilimchemshia chai. Nilipomwambia Daktari kwamba amemvunja moyo mtoto wa watu, alisema, "Bora nimvunje mimi mapema." Nilimkasirikia mpaka jioni. Asubuhi nikamkuta amepiga chapa kazi ya yule binti nakala tano, amezipanga kabatini kwake, juu ya vitabu vyote.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Ndizi za sadaka zikaanza kuwa mbaya. Mikungu ikaja midogo, imeiva kabla ya wakati, ukikata ndani rangi si yake. Ilianza upande wa Bomang'ombe, ikafuata ya vijiji vya barabarani, ikawa inapanda. Daktari alirudi kwenye madaftari yake ya mnada, akayapanga sakafuni ofisini, akawa anatembea juu yake na soksi. Tulipima mwaka mzima. Mwisho tukaona. Ugonjwa haukuwa unapanda mlima kwa upepo wala kwa mifereji. Ulipandishwa na sisi wenyewe. Huku ng'ombe wanafungwa zizini, malisho ni shida, na watu hununua mashina ya migomba yaliyokatwa kutoka chini, yanaletwa na pikapu. Wanayakatakata kwa panga kumlisha ng'ombe. Panga lile lile jioni linaingia kihambani kupogoa migomba. Basi. Kinga yake ilikuwa maneno ambayo mzee wa kanisa angeyasoma kwenye matangazo kabla hata mtoto hajalia: usinunue mashina ya kutoka mbali, na pitisha panga motoni kabla ya kuingia kihambani.

Nilidhani tutaandika kipeperushi jioni ile ile. Nilishatoa karatasi.

"Eli," akasema, "haya yasitoke humu."

"Hata kwa wakulima?"

"Hasa kwa wakulima. Mkulima mmoja akijua, kesho kutwa yuko redioni anaeleza. Ikishatoka redioni siyo habari mpya. Na jarida la kijani linataka kipya."

"Kwa muda gani?"

"Miezi mitatu. Minne, ikizidi sana." Akafunga droo. Halafu akageuka. "Jina lako nitaliweka kwenye makala. La nne."

Fundi sanifu haandikwi kwenye makala. Anashukuriwa mwishoni, pamoja na dereva. Nilikuwa nimeshukuriwa hivyo maisha yangu yote. Aisee, sitawadanganya, lile neno "la nne" lilinipendeza mno. Nilirudisha karatasi mahali pake, nikaenda kuosha vioo vya maabara huku napiga mluzi.

Miezi mitatu ikapita jarida halijajibu. Miezi mitano, likajibu. Baba mkwe ameridhika. Mama mkwe ameandika kurasa nne, na moja kati ya hoja zake ni kwamba sadaka ya kanisani si njia inayotambulika ya kupata sampuli. Turudie, kwa vihamba vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu. Daktari aliisoma amesimama. Akasema, "Sawa, mama," kama vile yupo mbele yake, akachukua funguo za gari.

Ndiyo tukarudia, kihamba kwa kihamba, msimu mwingine mzima, tumefunga midomo. Na bahati nasibu ikaangukia kwa mama yangu.

Tulifika asubuhi. Mama alikuwa nje na pikapu limesimama getini, limejaa mashina ya migomba ya kulishia ng'ombe. Alifurahi kutuona. "Daktari, karibu! Leo umekuja mwenyewe, hukusubiri Jumapili?" Daktari akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, kisha akaangalia pikapu. Aliangalia kwa muda mrefu. Tuliingia kihambani, tukachukua sampuli, na nawaambia kila mgomba mle ulikuwa mzima, umesimama umejaa. Safi kabisa. Tulipotoka dereva wa pikapu alikuwa peke yake, anahangaika kushusha, na mama akaniita, "Eli, msaidie mwenzio." Nikamsaidia. Nilishusha yale mashina kwa mikono yangu, nikayapanga pembeni ya zizi. Mama akachukua panga, akaanza kukata.

"Daktari," akasema huku anakata, "nasikia kwa watu wa chini migomba inakufa. Ni kitu gani hicho?"

Daktari alikuwa ameshika kikombe cha chai aliyopewa na mama. "Tunachunguza, mama," akasema.

"Ruwa, Mungu wetu, awasaidie," mama akajibu, akaendelea kukata.

Tulipofika barabara ya lami Daktari alisimamisha gari, akakaa ameshika usukani kwa mikono miwili na injini imezimwa. "Jumatatu nitamwandikia mhariri," akasema, "nimwombe ruhusa tuwaambie." Nikasema ni vizuri. Jumatatu hakuandika. Aliogopa kwamba swali lenyewe litawafanya waitazame kazi upya, wachelewe, wakatae. Na mimi? Mimi nilikuwa na simu mfukoni, yenye namba ya mama yangu mzazi. Nilikuwa na midomo. Nilijiambia nitamweleza Krismasi, kimya kimya, peke yake. Krismasi ikafika, nikaona nikimwambia sasa ataniuliza kwa nini si zamani.

Mgomba wake wa kwanza ulinyauka wiki ile ile orodha mpya ilipotoka. Jarida letu lilikuwa bado kijani. Daktari alituletea soda maabara, akaomba tusimame, akasema maneno machache ambayo siyakumbuki, kwa sababu nilikuwa natazama simu. Mama alikuwa amepiga mara tatu.

Makala ilikubaliwa. Tangu siku ile ya karatasi niliyoirudisha mpaka ilipotoka ilikuwa miezi kumi na minne. Ilipotoka Daktari mwenyewe alishindwa kuifungua, maana chuo hakikuwa kimelipia kulisoma jarida lile. Ilibidi amwombe mwanafunzi wake wa zamani aliyeko ng'ambo amtumie. Alituonyesha. Jina langu la nne, kweli. Siku ya pili yake tangazo likasomwa makanisani na redioni, na Daktari akaandika kipeperushi kizuri kuliko vyote alivyowahi kuandika. Watu walikipokea kwa adabu, kama unavyopokea mwavuli wakati umeshalowa.

Mama Jumapili hiyo alitoa mayai. Nilikuwepo. Mzee wa kanisa aliyanyanyua, akasita kidogo akimtafuta mama kwa macho, kwa sababu hakuzoea. Daktari aliyanunua yale mayai kwa bei ya mkungu mzima. Mama hakugeuka. Alirudi nyumbani mapema, na kuanzia hapo akawa anakaa benchi la nyuma. Vijana wa jirani wakaja na majembe, wakang'oa, wakachoma, na nyumba ambayo tangu nazaliwa ilikuwa haionekani kutoka barabarani ikawa inaonekana yote, na bati lake lenye kutu, na kaburi la baba linapigwa jua. Kwa majirani ilikuwa hivyo hivyo. Makala sikumpelekea. Nilimwambia ni ugonjwa tu, umetoka mbali.

Uprofesa alipata. Hakuna aliyempinga, ilikuwa kazi nzito, imetajwa na watu wa mataifa mengi. Akaongezewa mkataba, maabara ikabaki, migomba yake ya nyuma ikabaki. Kijijini waliendelea kumwita Daktari, na yeye hakuwasahihisha.

Mkuu wa idara akampa kazi ya heshima: awafundishe wahadhiri vijana namna ya kuchapisha kwenye robo ya kwanza. Mimi nilikuwa nashika kompyuta, nabadilisha kurasa ukutani. Akawaambia kosa kubwa la waandishi wetu ni kutosoma masharti ya jarida mpaka mwisho. Akaniambia nifungue ya jarida lile lile letu. Akawa anasoma kwa sauti, kipengele kwa kipengele, anaeleza. Akafika kipengele cha chini kabisa. Kilisema matokeo yasitangazwe kabla ya kuchapishwa, isipokuwa yale yanayohusu hatari kwa afya au kwa mazao ya wakulima, ambayo mwandishi anahimizwa kuyatoa mara moja, na kufanya hivyo hakutaathiri uamuzi wa mhariri.

Alikisoma. Akakisoma tena, polepole, na sauti ya pili haikuwa ya mtu anayefundisha. Kijana mmoja akauliza, "Profesa, hicho maana yake nini?" Daktari aliniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa namna ile na mtu mzima. Kisha akachukua sweta lake kwenye kiti, akatoka, na wale vijana wakabaki wananiuliza mimi kama kipindi kimeisha.

Wiki mbili baadaye alirudisha funguo. Mkataba ulikuwa bado una miaka miwili.

Nilimwona tena baada ya masika. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, niko kwa mama nachimbua visiki tupande upya. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amevaa koti la suti, hana faili, hana daftari. Mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Isale ni mmea tunaoupanda mipakani. Mtu uliyemkosea ukimletea jani lake limefungwa, hana ruhusa ya kukataa, hata kosa liwe la damu. Ndiyo maana watu hawalichezei. Mimi nilikuwa nimeliona likipelekwa mara moja tu, nikiwa mtoto. Mama alipoliona aliweka chini sufuria aliyoshika, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Kaa kwanza, Daktari," akamwambia.

Hakukaa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kosa gani?"

Akamweleza. Hakupunguza kitu. Alimwambia kuhusu jarida, na kuhusu uprofesa, na kile kipengele cha chini. "Siku ile unaniuliza, nimeshika chai yako, nilikuwa najua. Niliona pikapu. Nilijua yale mashina yana nini. Tulikuwa tumeshapima, miezi mingi nyuma."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mikono miwili, akalipokea jani. "Nimepokea," akasema. Hakulia, wala hakumlaumu. Akamvutia kiti, akaenda jikoni, akaja na mabakuli matatu ya mtori. Ulikuwa wa ndizi za kununua sokoni, na alisema hivyo wakati anaweka bakuli mezani, kama mtu anayeomba radhi kwa mgeni. Daktari alishindwa kuinua kijiko.

Mama akaketi. Akakoroga mtori wake.

"Umesema mlikuwa mmeshapima," akasema. "Wewe na nani?"

Daktari akasema, "Mama, mkubwa nilikuwa mimi. Kosa ni langu."

"Sijauliza nani mkubwa."

Mikono yangu ilikuwa bado na udongo. "Na mimi, mama," nikasema.

Hakuniangalia. "Siku ile ya pikapu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanisaidia kushusha."

"Ndiyo, mama."

Akala kijiko kimoja. Akala cha pili. "Isale lipo kule mpakani," akasema, "nenda kakate."

Nilienda. Nilikata jani, nikarudi nalo, na pale mlangoni nikagundua kwamba sijui kulifunga. Nina miaka arobaini na nne, Mchagga wa baba na mama, sijui kufunga fundo la isale. Daktari aliinuka, akalichukua mkononi mwangu, akalikunja, akalipitisha, akakaza. Akanirudishia, nami nikamnyooshea mama kwa mikono miwili.

"Liweke hapo mezani," akasema mama. "Nitalichukua nikimaliza kula."

Akala mpaka bakuli likaisha. Akakusanya mabakuli yote matatu, hata la Daktari ambalo halikuguswa, akayapeleka jikoni, akayaosha. Akamsindikiza mgeni wake mpaka getini, wakaagana vizuri, akamwambia asalimie nyumbani. Akarudi, akachukua jembe nililoliacha, akaendelea na kisiki.

Naenda kila Jumamosi. Migomba mipya inashika, mama anazungumza nami kuhusu ng'ombe na mvua na kanisa. Jani langu limeshakauka pale pale mezani. Kila asubuhi anafuta meza, na kitambaa kikifika pale kinalizunguka.